Ujumbe Usio na Salamu

Kambini, karibu na Bugarama,
Kahama.
Jumapili, baada ya adhuhuri.

Kwako Baba,

Shikamoo. Nairudia tena, shikamoo Baba, na sababu ya kuirudia utaiona mwishoni. Kabla sijaenda mbali, jua kwamba mimi ni mzima, na mdogo wangu Athumani naye ni mzima: anapumua, anakula, na anagombana na wauguzi. Nimelitanguliza neno hilo makusudi. Usiruke mistari ukitafuta habari mbaya, nakufahamu. Vaa miwani, soma polepole, na Mama akiwa karibu msomee kwa sauti.

Je, kifua kinakuachia? Barua yako ya mwisho ilitufikia kabla ya mfungo wa Ramadhani. Ulisema kinabana alfajiri na kwamba usiku unalala umeegemea ukuta. Nilikujibu juma hilohilo. Tangu hapo mfungo umekwisha, sikukuu imepita, mahindi ya huku yamepandwa na mengine yamesombwa na maji, na barua yako sijaiona. Nikienda posta Kahama wananiambia barabara zimekatika kila upande, vumilia dada. Nimevumilia. Na Mama, miguu yake inastahimili baridi ya huko Soni? Nauliza kweli, Baba, si kwa mazoea ya barua. Mbele utaelewa kwa nini nasisitiza.

Kazi yangu unaijua. Nakaa kwenye redio kol ya hawa Wazungu wanaotafiti dhahabu, na watu wa hapa wananiita Mama Redio ingawa sijazaa hata betri. Hapa nilipo ni Kambi Kubwa. Athumani kituo chake ni Kambi Ndogo, ng'ambo ya mto, mwendo wa saa mbili na nusu kwa miguu, au siku nzima kwa gari ukizunguka barabara ya darajani. Kazi yake ni kuchimbua udongo, kuutia kwenye vifuko na kuandika namba. Mto wenyewe miezi mingi ni mchanga mtupu, ng'ombe wanalala humo. Mwaka huu si hivyo.

Redio ya Kambi Ndogo anaishika mpishi wao, Mzee Masanja, Msukuma wa hapahapa. Huyo bwana ungempenda. Kila siku saa moja asubuhi ananiamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, Mama Redio!" nami namjibu, "Mwangaluka, Mzee." Basi hapo ndipo safari inaanza. Umeamkaje, mvua imeonekana huko, mmekula nini, yule mwenye jino amepona, ng'ombe wa jirani wamepatikana? Tukifika mwisho wa salamu ndipo anasema dizeli imebaki pipa moja. Na hatuko peke yetu hewani, Baba. Wenye malori wanasikiliza, wenye maduka wa Kahama mpaka Buseresere wanasikiliza, na madalali wa dhahabu ndio wanaosikiliza kuliko wote, wanavizia neno moja la wapi sampuli zimetoka nzuri.

Mwanzoni mwa mwezi huu meneja alirudi kutoka Mwanza na masanduku mawili. Moja lilikuwa na kompyuta, la pili simu ya setelaiti, ile ya kufunua kifuniko na kukielekeza mbinguni. Ukiziunganisha hizo mbili unaandika barua hapa, na kabla chai haijapoa imesomwa Mwanza au ng'ambo kwao. Wenyewe wanaiita imeili. Nilipoiona ikienda mara ya kwanza nilikukumbuka wewe na mashine yako ya telegrafu pale stesheni, na jinsi ulivyotukataza kupiga kelele ukiwa unapokea.

Meneja akaniita. "Rehema, wewe ndiye fundi wa mawasiliano," akasema, kwa Kiswahili chake cha kuokotaokota. "Sasa vyombo vingi. Andika wewe: habari gani, chombo gani."

Baba, nilivimba kichwa. Nilikaa mchana kutwa nikiandika. Matokeo ya sampuli yapite kwenye kompyuta, kwa sababu ya madalali. Karatasi zenye sahihi zipite kwenye faksi, posta Kahama. Simu ya setelaiti iwe ya mgonjwa mahututi tu. Habari za watu na magari zipite kwenye redio, kwa maneno machache, bila salamu, na ukimaliza zima redio kulinda betri hadi saa iliyopangwa. Hilo la "bila salamu" hakuna aliyenilazimisha. Meneja alikuwa amelalamika mara moja tu kwamba tunaongea sana. Mimi nikataka kuonyesha kwamba binti wa mtu wa telegrafu anajua ufupi. Nilikumbuka ulivyotufundisha kwamba kwenye telegrafu kila neno lina bei, kwa hiyo watu hukata salamu kwanza. Nikapiga mstari chini yake, nikabandika karatasi ukutani.

Nakala ya Kambi Ndogo niliitia kwenye bahasha iende na gari. Gari halikwenda, mvua ilizidi. Bahasha ikabaki juu ya meza yangu. Na mimi, kwa kiherehere, sikungoja ifike. Kesho yake nilianza kuitumia karatasi yangu.

Asubuhi hiyo meneja alitaka mtu mmoja wa Kambi Ndogo aje ajifunze kompyuta. Nilikuwa nimemtaja Athumani, naye akakubali. Hebu fikiri, Baba, mtoto wako kuacha koleo na kukaa kwenye kiti! Nikafungua redio. Mzee Masanja akaanza, "Mwangal..." nikamkata. Nikasema, "Kambi Ndogo, pokea ujumbe. Athumani aje Kambi Kubwa leo. Asikose. Mwisho." Sababu sikuitaja, kwa kuwa ukanda mzima unasikiliza na sikutaka isemwe nambeba mdogo wangu. Nikazima. Nikaenda kukaa mbele ya kompyuta nifundishwe kuhifadhi majina.

Yaliyotokea ng'ambo nilihadithiwa baadaye na Mzee Masanja mwenyewe, akilia. Alikaa na kile kisemeo mkononi asiamini. Kwa watu wa hapa, na hata kwetu ukifikiri vizuri, habari ya kifo ndiyo peke yake inayoweza kuja bila salamu. Na haiji imetajwa. Inakuja hivyohivyo: mwambieni fulani aje nyumbani, asikose. Akaniita tena na tena. "Mama Redio. Dada Rehema. Dada Rehema, ova." Hakuna aliyejibu, redio nilikuwa nimeizima. Kule kunyamaza ndiko kulikomaliza shaka yake. Akasema moyoni, huyu dada ameshindwa kusema, yuko kwenye kilio.

Wakasimamisha kazi. Wazee wawili wakamtoa Athumani shimoni, wakamkalisha kwenye mkeka, wakamtilia shuka mabegani, wakampa maji. Mzee Masanja akamwambia, "Unaitwa kwa dada yako, kijana."

"Amesemaje?"

"Amesema uende. Usikose."

"Amesemaje, Mzee? Hakusema ni nini?"

Mzee Masanja akainamisha kichwa. "Hakusalimia."

Athumani hakuuliza zaidi. Alijua kifua chako, Baba, alijua barua haijaja tangu kabla ya mfungo. Akavua shuka akaondoka na viatu vya kazini. Wakamwambia ngoja, tutatafuta trekta tuzunguke wote darajani. Hakungoja.

Saa kumi alasiri nilisikia trekta. Nikatoka. Watu wanane wakashuka, wote wa Kambi Ndogo, wamevua kofia. Mmoja ana kuku, mwingine ana mfuko wa unga begani, Mzee Masanja ameshika bahasha ya rambirambi. Akanijia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Pole sana, mwanangu. Poleni na msiba."

Nikauliza msiba wa nani.

"Wa baba yenu," akasema.

Baba, sitakuficha. Niliketi chini kwenye matope. Niliamini. Watu wanane wazima hawaachi kazi na kupanda trekta kwa mchezo, nikajua habari imewafikia wao kwanza, labda kwa mtu wa basi, labda kwa barua iliyopotea njia. Nikalia kwa sauti mpaka wapishi wetu wakatoka jikoni. Nilikulilia, Baba, ukiwa pengine unakunywa uji wako. Ilinichukua muda kupata pumzi ya kuuliza, "Nani aliwaambia?"

Wakatazamana. "Wewe, dada. Asubuhi, redioni."

Nikasema mimi sikusema kitu, nilimwita Athumani aje kwenye kompyuta. Mzee Masanja akaachia mkono wangu. Sikuwahi kuona uso wa mtu mzima ukibadilika vile. Ndipo akauliza swali ambalo bado linanigonga kichwani, "Kwani Athumani hajafika?"

Hakuwa amefika. Alitoka kabla ya saa tatu asubuhi, na njia ya miguu inapita mtoni.

Tulikimbia. Sikumbuki njia, nakumbuka sauti ya maji tu, tuliisikia kabla hatujaufikia mto. Mchanga wote ulikuwa haupo. Maji yalikuwa mekundu na yalipita na miti. Tulimwita kutoka ukingoni, na meneja naye alimwita, kwa jina analolikosea kila siku. Baba, niliogopa woga ambao sina neno lake. Akilini niliiona karatasi yangu kule ukutani, na ule mstari niliopiga.

Wachungaji wa ng'ombe ndio waliomwokoa. Walimkuta chini sana ya kivuko, amenasa kwenye mizizi, mguu umevunjika na mbavu zimeumia, wakampakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Tulikutana nao njiani jua likielekea kuzama. Alifumbua macho, akaniona nimejaa matope na macho yamevimba kwa kulia. Akasema, "Kwa hiyo ni kweli."

Sasa amelazwa Kahama, mguu uko kwenye plasta. Daktari anasema utaunga sawasawa, ila asisafirishwe kabla haujashika, akisafiri sasa atakuwa kilema. Na hapo ndipo penye tatizo, Baba, hapo ndipo ninapokuomba. Athumani haamini kwamba u hai.

Nimemweleza kila kitu. Nimemletea ile karatasi ya ukutani aisome. Mzee Masanja amekuja akamwapia. Ananisikiliza, halafu ananiuliza kwa upole, "Dada, mmemzika lini?" Anasema namficha kwa ajili ya mguu. Anasema aliniona nimelia, na kwamba mtu hamwiti ndugu yake kwenye kompyuta kwa sauti ile. Juzi alikuja Mzee Hirji, mwenye duka la Nyahanga anayetuuzia vyakula, na majani ya chai na shuka safi. Kabla sijamwahi akasema mbele ya kitanda, "Poleni binti, nilisikia mwenyewe redioni. Mungu amrehemu mzee wenu." Yule naye hakusikia neno lolote la kifo. Alisikia kwamba sikusalimia. Athumani akanitazama, akageukia ukutani.

Ameshapatana na dereva wa lori la mchele. Anataka abebwe mpaka Soni aone kaburi. Nimepiga magoti. Tumefikia hapa: atangoja Ijumaa mbili. Ikifika barua yenye mkono wako, atakaa kitandani mpaka apone. Isipofika, ataondoka, na mimi sina nguvu ya kumshika.

Usiulize kwa nini sikutumia vyombo vyangu vyote. Meneja alinikabidhi ile simu ya setelaiti, akakifunua kifuniko yeye mwenyewe. "Piga baba. Sasa hivi. Kampuni analipa." Nikasimama nayo uwanjani. Ina uwezo wa kufika Ulaya, Baba, na mimi sikuwa na namba hata moja ya kubonyeza. Wewe huna simu, jirani hana, stesheni yako ya zamani treni haisimami tena. Akasema basi tuandike imeili. Nikamuuliza tuiandike kwa nani.

Telegramu niliifikiria. Nilifika mpaka posta, nikachukua fomu. Nikakumbuka hadithi zako za mpeleka telegramu: akiingia tu uchochoroni, wanawake wanashika vichwa kabla hajataja jina. Nikamwona Mama anaipokea mlangoni. Nikaikunja fomu nikatoka. Sitarudia kosa lile kwa mama yangu. Imebaki barua, kwa sababu barua ina nafasi ya kusalimu.

Hapa kambini redio ikiwaka siku hizi watu wanaacha kula. Wanasimama mlangoni wasikie nitaanzaje. Karatasi nimeibandua. Nimeandika nyingine, na juu kabisa nimeweka: salamu kwanza, na usizime mpaka mwenzako amejibu. Meneja aliisoma, akauliza salamu zichukue dakika ngapi. Nikamwambia zitachukua zinazochukua. Alitia sahihi.

Lakini nataka nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Namwapia Athumani kila siku kwamba u mzima. Juzi, nikiwa katikati ya kuapa, niligundua kwamba sijui. Najua tu kwamba ule ujumbe wangu haukuwa wa kifo. Wewe mwenyewe sina habari yako tangu kabla ya mfungo. Watu wamekwisha kunipa pole, kuku wa rambirambi amekwisha kuchinjwa, nami nimekwisha kulia, na naona kama tumekifungulia mlango kitu kisichokuwapo. Naogopa, Baba. Natembea na woga huu kutwa, nakaa nao kwenye redio.

Nisalimie Mama, mwambie asilie, mwanawe anakula ugali wa Wasukuma na anauona haumtoshi. Msalimie Kaka Salehe na shamba lake la kahawa. Mwamkie Shangazi Mwanaisha aliyetulea tulipokuwa tunasoma bondeni, na Mwalimu anayetupokelea barua kwenye sanduku la shule. Mwombe safari hii jibu lako asingoje mtoto wa kumtuma, alipeleke posta mwenyewe. Mzee Masanja anakuamkia pia, na anaomba umsamehe.

Na kama aliyefungua bahasha hii si Baba, basi Kaka Salehe, nakusihi, usituletee telegramu. Tuandikie barua. Tusalimie kwanza, tuulize mvua, tuulize kazi, ndipo useme. Hili nimelifuta mara mbili, nimeliacha.

Baba, sikuombi barua ndefu. Kifua kikikubana usijitese kukaa mezani. Juu kabisa ya karatasi hizi nimekuamkia shikamoo mara mbili, moja yangu na moja ya Athumani. Chukua karatasi yoyote, hata ya sukari, uandike kwa mkono wako, zile herufi zako za stesheni ambazo hakuna anayeweza kuziiga: marahaba. Usiandike kitu kingine. Nitaipeleka kitandani bila kusema neno, aisome mwenyewe.

Ni mimi mwanao, nisiyezima redio tena,
Rehema